Mtoto Aliyelala Magotini

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza. Picha hii haihitaji elimu kubwa, inahitaji macho tu. Maria amekaa, na mtoto wake amelala magotini pake, mkono mmoja ukining'inia. Mama ameunganisha viganja. Anamtazama mtoto, wala hatabasamu. Ilichorwa Italia, zama za mwamko wa sanaa. Nakala ya kwetu ilikatwa kwenye kalenda ya parokia, na mdogo wangu aliibandika ukutani, nyumbani kwake Kasungami, alipokuwa mjamzito. Aliiona nzuri tu.

Mtoto wake alikufa kabla ya kuota meno. Wanawake wachache walimpeleka makaburini asubuhi, wakarudi bila wimbo. Uani hapakuwa na turubai wala viti vya kukodi, kwa maana kwetu mtoto mchanga hafanyiwi kilio. Mama akimlilia, wanasema, tumbo lake litafungika asizae tena. Hata picha ya mtoto hatukuwa nayo; walikuwa wakingoja ubatizo ndipo wamwite mpiga picha. Basi mdogo wangu aliibandua ile ya ukutani, akaiweka mezani, akawasha mshumaa mbele yake kama tunavyomfanyia marehemu yeyote. Alitaka ruhusa ya kulia.

Mama mkwe wake aliingia na mbabula, jiko la makaa, maana baridi ilikuwa imeanza. Alipouona mshumaa akauliza nani amekufa, yule mzungu mdogo? Shangazi mmoja alicheka, kisha akaziba mdomo.

"Mutoto mwenye hayaota meno habamulilii," mama mkwe akasema. "Unataka tumbo ifungike?"

Mdogo wangu alinigeukia mimi mkubwa wake, kwa kuwa nafundisha uchoraji shuleni. "Yaya, umwambie hii picha iko na maana gani."

Nikaeleza polepole. Wachoraji wale walisema kwa vitu. Usingizi huu ni kifo kinachokuja. Kitambaa cheupe chini ya mtoto ni sanda, na jiwe alilokalia mama ni kaburi. Kidege kile kilichochorwa pembeni, chenye doa jekundu kichwani, hula mbegu za miiba, kwa hiyo kinakumbusha taji la miiba. Na mkono ule utaning'inia hivyohivyo siku mwana atakaposhushwa msalabani na kurudishwa magotini pa mama yake. Nikamwomba mama mkwe ayatazame macho ya Maria. Mtoto bado hana meno, na mama ameshaanza kumlilia.

Mama mkwe huyo alikuwa mama wa rozari, asiyekosa misa ya alfajiri. Aliinama juu ya picha, kidole chake kikaufuata mkono wa mtoto bila kuugusa.

"Basi alie," akasema. "Lakini mufunge mulango, bajirani basisikie."

Akaitoa mbabula nje ili moshi usituue, akakaa kwenye kizingiti, mgongo wake kwetu. Ndani, kwenye baridi, mdogo wangu alilia akiwa ameuma pindo la kitenge chake. Sauti haikutoka.

Hajapata mtoto mwingine tangu hapo. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya machozi yale, na kwa hao sina picha ya kuwaeleza.

Ukisikia mama amefiwa na mtoto mchanga, usimngoje aje kwako. Nenda, keti chini kando yake, umuulize mtoto aliitwa nani.