Hodi Tuliyoipiga Gede

Ko. Ko. Ko. Mbao juu ya jiwe, polepole, kwa mwendo wa mtu mzima asiye na haraka ndani ya nyumba yake. Nyinyi mliokulia mwambao mnaujua mlio wa mitawanda, vile viatu vya mbao ambavyo bibi zetu walivivaa wakienda kuoga. Mimi niliusikia Gede, jua likiwa utosini, ndani ya gofu lisilo na paa, ambalo chini yake kulikuwa na vumbi na majani makavu tu. Majani makavu hayatoi mlio huo.

Yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Ninasoma shahada ya uzamili ya mambo ya kale, na kazi yangu ni kutilia shaka kila ninaloambiwa. Kwa hiyo niaminini nikisema kwamba hili nimelitilia shaka kuliko atakavyoweza yeyote kati yenu.

Tulikuwa ziarani kutoka Tanzania, wanafunzi wa mwaka wa kwanza pamoja nami niliyekabidhiwa kuwaangalia. Asubuhi tuliuzunguka mji mkongwe wa Malindi, tukala mahamri na mbaazi, na adhuhuri tukafika kwenye magofu ya Gede. Wengi wao ni watu wa bara, na kila walipoona mlango wa jiwe walinigeukia mimi. Sitawaficha, nilijisikia. Nilikuwa katika nchi ya watu, lakini zile zidaka, vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo, ile baraza ya mlangoni, vyote vilikuwa vya nyumba ya bibi yangu kule Pangani. Tofauti ilikuwa umri tu.

"Leo mwalimu ni dada wa Pangani," alisema Kazungu, mwongoza wageni wetu, mtu wa papo hapo Gede mwenye mzaha mwingi. "Mimi nitashika mwavuli."

Basi nikasimama mbele ya kizingiti cha nyumba moja, nikawaeleza namna muungwana anavyoingia kwa watu: husimama kando asichungulie, hupiga hodi, hungoja. Kisha nikaonyesha kwa mfano.

"Hodi!"

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamke kutoka ndani. "Karibuni, wanangu."

Tulicheka sote. Nilidhani ni Upendo, msichana wa Mbeya, bingwa wa kuigiza sauti za watu, kwa kuwa alikwisha kuzungukia nyuma. Tukaingia, tukapiga picha, tukatokea kwenye ukuta uliobomoka upande wa pili, tukaenda zetu.

Tulipofika kwenye basi, Upendo hakuwemo.

Simu yake iliita bila kupokewa. Nilirudi magofuni na Kazungu huku nikipanga maelezo kichwani: amezimia kwa joto, amepotea njia, ameumwa na nyoka. Ningemwambia nini mama yake, kwa simu, kutoka nchi nyingine? Hapo ndipo nilipoisikia mitawanda. Kazungu naye aliisikia. Alisimama mbali na kizingiti.

"Dada, mimi hapo siingii," akasema. "Mzaha umekwisha."

Upendo alikuwa ameketi kwenye ukingo wa jiwe sebuleni, viatu amevipanga kando, mikono mapajani. Upendo, ambaye hata darasani hatulii!

"Inuka twende, wenzio wanangoja."

"Siwezi, dada. Bibi amesema ningoje kahawa."

"Bibi gani?"

"Huyu aliyetukaribisha. Si wewe ndiye uliyempigia hodi?"

Nilimvuta mkono. Hakuwa mzito wala hakushikwa na kitu, ila kila alipojaribu kusimama magoti yalimkatalia, kama ya mgeni anayeona haya kuondoka chungu kikiwa jikoni. Alikuwa akilia bila sauti. Na harufu ya kahawa yenye tangawizi, niaminini, ilikuwa imeshaanza kutufikia.

Akili yangu, ambayo hupenda kuzunguka, safari hii ilinyooka. Tulipiga hodi. Tulikaribishwa. Kisha tukatokea kwenye ufa kama wezi, bila kumuaga mwenye nyumba. Kwetu mgeni haondoki hivyo. Huomba ruhusa, na mpaka apewe, bado ni mgeni.

Nikatoka nje, nikavua viatu, nikapiga hodi upya, nikakaribishwa, nikaja kuketi kando ya Upendo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Chumba cha ndani hakikuwa na paa, lakini mlango wake ulijaa giza. Chini ya giza hilo niliona miguu miwili ndani ya mitawanda. Najua mnangoja niseme kwato. Hazikuwa kwato. Ilikuwa miguu safi ya mwanamke mzee, imepakwa hina, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

"Ukarimu wako tumeuona," nikasema. "Safari yetu ni ndefu na wenzetu wanatungoja. Tulikosa kuaga, utuwie radhi. Twaomba ruhusa, Bibi."

"Umefunzwa na nani, weye?"

Nilipaswa kuogopa. Badala yake nilinyoosha mgongo. "Na bibi yangu aliyenilea, Pangani."

"Kakufunza vyema. Nisalimie bibiyo. Ruhusa, wanangu."

Upendo akasimama kama aliyefunguliwa kamba. Tulitokea mlangoni.

Yeye hanywi kahawa tena, wala hataki tulizungumze. Mimi nimejaribu kila maelezo, joto, upepo, kima wanaorukia matawi, na hakuna lililotosha. Na tangu tulipovuka mpaka kurudi nyumbani, kila adhuhuri, kwenye ukumbi wa bweni letu: ko, ko, ko. Nilijua sababu. Salamu ni amana, na nilikuwa nimeikalia. Ningeanzaje kumwambia bibi yangu jambo kama lile, mimi ambaye yeye hunijivunia kwa majirani kwamba ni msomi?

Kwa hiyo wewe unayekwenda kutazama nyumba za wazee wetu, tazama, piga picha upendavyo. Ila usipige hodi kwa kujionyesha. Ukiipiga na ikajibiwa, usiondoke bila ruhusa. Na ukipewa salamu, usilale nazo.

Juzi mitawanda ilisimama nje ya mlango wa chumba changu. Nikapiga simu Pangani.

"Bibi, kuna mwanamke wa Gede anakusalimu."

Hakuuliza ni nani. "Alaiki wa alaiha salaam," akajibu. "Kahawa yake mlikunywa?"

Sikuwa nimetaja kahawa.

"Hatukunywa, Bibi."

"Alhamdulillahi. Na kutoka, mlitokaje?"

"Niliomba ruhusa, kwa maneno yako."

Nilimsikia akishusha pumzi, halafu akacheka kidogo.

"Basi nimelea," akasema.

Huko nje mitawanda ilianza kuondoka. Nikamwomba Bibi ruhusa, akanipa, ndipo nikakata simu.