Warumi Wangu wa Karanga

Jamani, nicheke mwenyewe kwanza. Nilikuwa mtunza ghala wa kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Puge. Mvua ya kwanza ilinong'ona juu ya bati, nikakumbuka historia ya darasa la sita nilikoishia. Nikapanga mbegu za karanga sakafuni zikawa Warumi, kunde zikawa Wamisri. Nililiona jeshi langu likivuka jangwa taratibu, mikuki ikimeta. Kila Mrumi aliyeuawa nilimtafuna.

Misri ilipoanguka, mwenyekiti akaingia na wanakijiji wenye majembe.

“Tumekuja kupanda. Mbona debe la karanga limebaki nusu?”

Nikameza. “Shikamoo, mzee. Wengine wamefia vitani.”

Mama mmoja akanisogelea. “Na hilo ganda kwenye ndevu zako ni la jemadari?”