Mwenyekiti na Maneno ya Warumi

Mwenyekiti wa baraza letu la kata hapa Matiri husafisha miwani kwa ncha ya shati kabla hajasema neno, na akimaliza huisafisha tena. Alisoma seminari akaishia njiani, basi kila ugomvi ana neno la Warumi wa kale. Waliopigana kwenye pombe huwaambia, "Warumi walisema anayetaka amani aandae vita. Ninyi mmeandaa vita, amani mmeisahau." Vidole vyake havitulii, hufuata nyufa za meza kama vinatafuta mpaka. Mimi sina shule, lakini maneno yale huyapima kama mahindi, maana mengine yana wadudu.

Juzi ikawa kesi yangu. Jirani yangu Emilian amechimba ngolo zake, yale mashimo ya kulimia mlimani, mpaka katikati ya kahawa zangu, na kahawa zile ndizo zinazonilisha. Nilikaa kichwa juu, kwa sababu mwenyekiti ni shemeji yangu. Akasafisha miwani. "Warumi walisema mtu asihukumu kesi ya nyumbani kwake," akasema, akainuka, akawaachia wenzake baraza.

Emilian akacheka. "Bibi, Warumi wamekukimbia."

Mwenyekiti akaja kukaa kwenye benchi langu.

"Shemeji, umeniua," nikamwambia.

"Bado," akajibu. "Wanaona nimekaa na nani."

Akavua miwani, akashika ncha ya shati. Nikamnyang'anya, nikaisafisha mwenyewe kwa kanga, huku wazee wa baraza wakinong'onezana na kututazama.