Kona za Kurasa

Karani wa maktaba yetu ya Machakos hunyoosha kona za kurasa zilizokunjwa, kwa ukucha wa kidole gumba, kabla hajarudisha kitabu rafuni. Mwaka ule kilichokunjwa zaidi kilikuwa cha mama mmoja aliyeandika wazi mambo yake ya chumbani. Waliokiazima walikivika gazeti kwanza. Mama Kinyua wa kwaya alikirudisha akifoka, "Huyu mama hana haya hata kidogo!"

"Umekimaliza?" karani akauliza, sauti ya chini kama kawaida yake.

"Chote. Si lazima nijue ubaya wake?"

Alipoondoka, karani akaanza kunyoosha. Akafika kwenye kona niliyoikunja mimi, pale mwandishi anaposema kwamba miaka ishirini ya ndoa hakuwahi kuulizwa anapenda nini. Akasoma, akatazama mlango, akaiacha ilivyo.