Ugonjwa Uliovuka Barabara Gilgil

Mdomo wa Nakhumicha, ule ambao mamake alisema utamkosesha mume, ndio uliokuja kumlisha. Aliacha shule darasa la nane, akaolewa Gilgil, mdomo na yote, akauza viazi kando ya barabara kuu akikimbiza mabasi na karai kichwani. Mumewe alikuwa na kibanda cha video nyuma ya steji ya matatu, mabati na mabenchi tu. Jumapili moja spika ikaungua katikati ya sinema, watu wakaanza kudai pesa zao. Nakhumicha, aliyekuwa ameleta chai, akasimama kando ya televisheni.

"Kaeni! Mnataka kujua huyu mwanamke analilia nini? Nitawaambia."

Kizungu cha ile sinema hakukielewa hata nusu. Lakini kulia alikujua, na wanaume aliwajua. Spika ilipotengenezwa, wateja wenyewe waliomba sauti ya Wazungu ipunguzwe, ya mama iongezwe. Mumewe alipofariki, kibanda na maikrofoni vikabaki vyake. Majambazi wa Marekani akawapa majina ya kwetu, na farasi wao wakanywa maji Ziwa Elmenteita.

Kisha mfanyabiashara mmoja, Nicodemus, akafungua ukumbi wa sinema ng'ambo ya barabara, skrini kubwa kama ukuta, viti vya kuegemea. Hilo halikumtisha Nakhumicha; viti havisimulii. Kilichomtisha ni siku aliyopita pale akienda kununua mkaa, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka ndani, ikisimulia sinema ya jana, neno kwa neno, mpaka pale alipokohoa.

"Nicodemus! Hata kikohozi umeiba?"

"Mathe, sauti ikishatoka mdomoni ni ya nani?" akajibu Nicodemus mlangoni, akipangusa upara. "Ungeiwekea kufuli."

Mabenchi yakaanza kubaki wazi. Nani akalie mbao na kule kuna mito, na hadithi ni ile ile? Karai la viazi likawa linamtazama kutoka ukutani kama mkwe aliyekuja kukaa.

Kumtafuta mwizi hakukuhitaji kupekua mifuko. Alitoa mzaha wake mkali kuliko yote, akaangalia mabenchi. Wote walicheka isipokuwa mzee Kosgei, mpishi mstaafu wa jeshi, aliyevaa koti zito na jua linawaka. Alikuwa ameuma kofia yake, mabega yanatetemeka, machozi yanamtoka, sauti hakuna. Mtu azuie kicheko kama anayezuia chafya kanisani kwa nini, kama hana simu inayorekodi kifuani?

Nakhumicha hakumfukuza. Kesho yake aliweka sinema ya kampuni mbili. Ya kwanza inapika magonjwa chini ya ardhi ili iyauze kwa wenye vita, kisha iwauzie wagonjwa dawa. Ya pili, kwa uvivu wa kupika, inatuma jasusi akaibe chupa ya ugonjwa. Nakhumicha akaihamishia maabara Kariandusi, machimboni hapo jirani, chini ya ule udongo mweupe, wataalamu wakiwa wamevaa magwanda "kama watu wa kurina asali." Wakajaribu ugonjwa kwa nyani, halafu kwa wafanyakazi wao wenyewe bila kuwaambia, "maana kwa wadosi hawa wenye kampuni, mtu na nyani tofauti ni mkia."

Kibanda kikaangua kicheko. Kosgei akauma kofia.

Mwishoni mkubwa wa kampuni ya pili, mwenye upara, anaifungua ile chupa mbele ya watu wake. Kwenye picha anatokwa na povu tu. Nakhumicha akavuta maikrofoni karibu, akamkazia Kosgei macho.

"Ugonjwa huu, watu wangu, hauui. Ukimshika mtu, anasema ukweli. Sikieni upara: 'Mimi naitwa Nicodemus! Sauti hii mnayosikia nimeiiba ng'ambo ya barabara, kwa mama ambaye hata kikohozi sikumwachia. Na jasusi wangu ni mzee wa watu niliyemkataza kucheka, mpaka kofia yake imebaki ukingo tu!'"

Kofia ikamdondoka Kosgei mdomoni. Akacheka kicheko cha sufuria ya jeshi inayoanguka jikoni. Kisha ghafla akagusa kifua, akatoka bila kuaga.

Hapo ndipo Nakhumicha alipoogopa. Nicodemus hakuwa mtu wa kuonja mzigo kabla ya kuuuza. Yeye ni kukaa mlangoni na kukusanya pesa, rekodi ichezwe hivyo hivyo ilivyoletwa. Lakini Kosgei alikuwa amesikia yote. Akimwambia, au akikata ule mwisho, basi ni kurudi kwenye karai.

Kesho yake hakufungua. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akimenya viazi, masikio yote ng'ambo. Sauti yake ikaanza. Kariandusi. Nyani. Mkia. Chupa. Kisu kikasimama.

"'Mimi naitwa Nicodemus!'"

Spika ikaendelea mpaka kwenye ukingo wa kofia, halafu ikaangusha sufuria. Kicheko cha Kosgei kilikuwemo chote, hakikukatwa hata kidogo. Ukumbi mzima ukalipuka.

"Boss, kumbe hadi kikohozi!"

Watu wakamwagika nje wakivuka barabara, Nicodemus nyuma yao akipiga kelele, "Jamani, ni sinema tu! Ni sinema!"

Mbele ya wote alikuwa mzee Kosgei, bila koti.

"Umenifutisha kazi, mama."

"Na ulijua, ukampelekea tu."

"Sasa ningefanya nini? Nimechoka kula kofia."

Nakhumicha akasukuma karai kando kwa mguu, akafungua kufuli.

"Ingia benchi la mbele, mzee. Na leo ucheke na meno yote, hata yale ya jeshi."