Jino ya kashaloti mu kitambaa changu

Bandugu, mu Lubumbashi nzima muntu mwenye kujua nyangumi iko mumoja tu, ni mimi.

Leo citoyenne Kapinga, mwalimu wa primeri hapa karibu, alikuya kuniomba siku ya lundi, wiki ikianza, nikaonyeshe batoto ba masomo ile jino yangu ya kashaloti, nyangumi ya kichwa kubwa kupita zote.

Bote munaijua. Kila mugeni akifika, ninamuonyesha.

Nilivaa kwanza abakosti, koti yangu ya heshima, njo nikaitoa mu kitambaa.

"Mwalimu, hii ni samaki mukali."

"Haiko samaki, Baba Ilunga. Inapumua hewa, inanyonyesha batoto."

Hiyo nilikubali. Lakini akageuza jino mu mukono.

"Ilitoka ku taya ya juu ao ya chini?"

"Ya juu, Mwalimu. Njo kwenye nguvu iko."

Akacheka polepole. "Kashaloti inaonyesha meno ya chini tu. Ya juu inabakia ndani ya ufizi."

Bibi yangu wa ndoa, mwenye alikuwa anatusikiliza, akaangalia dari.

"Lundi mukuye tu," mwalimu akasema, "lakini mukuye na jina ya kweli ya nyama mwenye hii jino."

Ninyi mungefanya je?

Mi nitaenda. Nitabaambia batoto ukweli: ni jino ya kiboko, nilipewa na muchuuzi wa samaki wa Kilwa yetu ya ku ziwa.

Na kiboko yenyewe, bandugu, sijaiona hata siku moja.