Mtu wa Ndani

Dishi lile la futi nane nililinunua kwa jirani yangu wa Nkuhungu, mzee wa Kirangi mwenye duka la nafaka. Alikuwa amelilaza nyuma ya nyumba na kuku wake wakilitagia. Akanionya kwamba kulifunga ni kazi ya watu wawili: mmoja nje anazungusha, mwingine ndani anatazama runinga, picha ikija anapiga kelele. Nikamjibu nitaweza. Mimi nikishasema nitaweza, basi, hata nikishindwa sirudi nyuma. Ni tabia mbaya, naijua.

Ukweli ni kwamba sikuwa na mtu wa ndani. Wizara ilipohamia Dodoma nilihama nayo, mke wangu na wanangu wawili wakabaki Dar mpaka nipate nyumba. Nyumba nikapata. Ikawa mpaka mkubwa amalize mtihani. Mtihani ukaisha. Huu mwaka wa tatu, kila nikipiga simu nasema nyumba iko tayari, njooni hata likizo hii, na kila mara kuna neno. Safari hii neno lilikuwa runinga: watoto hawako tayari kukaa mwezi mzima wakitazama ukuta. Nikasema kumbe ni hilo tu? Siku hiyohiyo nikaenda kwa yule mzee.

Jumamosi asubuhi nilisimika nguzo uani, karibu na dirisha la sebule, nikapandisha dishi. Nikazungusha, nikakimbilia ndani: runinga bluu tupu. Nikatoka, nikasogeza kidogo, nikarudi: bluu. Upepo wa huku nao hauna adabu, ukishika ule wavu wa dishi unakuzungusha wewe. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeshalitukana dishi, nguzo, na kuku wa watu. Nikakaa chini, spana mkononi, mtu mzima na ndevu zangu, nikaona nakaribia kulia.

Ndipo nikampigia mke wangu, simu ya video. Nikaiegemeza kwenye kiti ikitazama runinga, sauti mpaka mwisho, dirisha wazi, nikamwambia akiona chochote aseme. Akanicheka, eti wanaume tunapenda kujitafutia tabu. Lakini alikaa. Akawa ananiambia bado, bado, rudisha kidogo, umepitiliza, na mimi huko nje nasogeza upana wa kidole, nina furaha sijui niielezeje. Nusu saa ile tulikuwa nyumba moja. Nilitamani picha ichelewe.

"Imekuja!" akapiga kelele. "Usiguse tena!"

Nikakaza nati zote, nikaingia mbio. Mwanamume mwenye tai alikuwa anasoma habari kwa lugha nisiyoijua, picha safi kabisa. Nikaichukua simu, nikaisimamisha kando ya runinga ili anione, nikajitupa kitini kama mwenye jumba. Nikamwuliza, haya, runinga hiyo, mnakuja lini?

Uso wake haukusogea, nikadhani mtandao umekatika. Kumbe alikuwa anatazama nyuma yangu. Nikageuka na mimi. Ukuta, ndoo ya maji, na sakafu niliyoipiga deki vizuri.

"Baba watoto," akasema polepole, "miaka yote hii una kiti kimoja?"

Nikasema viti vinanunuliwa, hata kesho asubuhi naenda. Akasema anajua vinanunuliwa. Alipoendelea hakuwa na hasira hata kidogo, afadhali angekuwa nayo.

"Kumbe hata wewe hukuamini tutakuja."

Akaniaga, ana chungu jikoni. Nikabaki kwenye kile kiti, nikamsikiliza yule wa tai mpaka akamaliza habari zake zote, na sikuelewa hata neno moja.